Bibi Asiyeitikia Shikamoo

Nilikwenda kwenye chemchemi kuchota maji ya kupikia ugali. Jua lilikuwa limeshazama na ukungu ulikuwa unashuka, kama kawaida ya kijijini kwetu Tumati mwezi wa sita. Mgongoni nilimbeba binti yangu Judica, mwenye miezi kumi. Siku ya tatu hiyo alikuwa hanyonyi. Zahanati walimpa dawa, homa ikashuka, lakini ziwa alilikataa. Alilia bila sauti.

Kwenye jiwe tunalowekea ndoo alikaa bibi mmoja. Alinipa mgongo.

"Shikamoo, bibi."

Kimya.

Nilidhani hasikii vizuri. Nikasogea. Alinuka ngozi ya mbuzi aliyechunwa siku ileile.

"Shikamoo."

Kimya... Maji tu yalidondoka. Huku kwetu hata mzee aliyekukasirikia huitikia kwanza, ndipo akugombeze.

"Judica hanyonyi," alisema bila kugeuka.

Sikuwa nimemtajia jina.

Alinyoosha mkono nyuma. Kiganjani kulikuwa na ukanda mwembamba wa ngozi mbichi, kama ule wanaovaa watu wakishachinja kwa ajili ya mizimu.

"Mfunge mkono wa kushoto. Atanyonya. Ila usimwombee tena kwa yule wa kanisani. Mimi sigawani mtoto na mtu."

Amri ya kwanza, ya kutoabudu miungu mingine, naijua tangu mafundisho ya Komunyo. Lakini kichwa cha Judica kilikuwa kinaning'inia mgongoni kwangu kama cha kuku aliyechinjwa.

Nikaupokea.

Nyumbani nilimfunga, nikavuta mkono wa sweta lake ukauficha. Sikumaliza hata kukaa. Judica alishika ziwa akanyonya kwa nguvu, mpaka nikauma meno.

Jioni ileile mama mkwe, Mama Getruda, alikuja na rozari yake. Ni kiongozi wa jumuiya yetu. Huyu mama akiombea kuku mgonjwa, chai inapoa. Kila jioni alikuwa anakuja kumwombea mjukuu wake.

"Leo tumwache tu, mama," nilisema. "Amelala."

"Sawa," alijibu upesi, akairudisha rozari mfukoni.

Upesi mno.

Alimtazama mtoto. Hakutazama uso. Alitazama sweta.

"Amenyonya?"

"Amenyonya."

"Umemfunga wa kushoto?" alinong'ona.

Alikwenda kufunga mlango. Kisha akakunja mkono wa sweta lake, sweta ambalo halivui hata wakati wa kuvuna, jua likiwa kali. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na ukanda mkavu, mweusi, umezama ndani ya nyama.

"Vicent naye alipokuwa mchanga alikuwa hanyonyi," alisema. Vicent ni mume wangu. Siku hiyo alikuwa Dongobesh kwenye kazi ya ujenzi. "Alipoacha kuuvaa, nikauvaa mimi. Niliogopa kuutupa."

"Na rozari, mama? Miaka yote hii?"

"Nasali. Lakini najua nasali peke yangu." Akanikazia macho. "Ulimsalimia?"

"Mara mbili."

"Aliitikia?"

"Hapana."

Akashusha pumzi. "Basi bado yuko nje. Mimi pia hajaniitikia mpaka leo. Akiitikia, ujue ameshaingia."

Nilimwangalia nikajiuliza maswali mengi. Nani alimwambia yule bibi jina la mtoto? Na mama huyu, mbona asubuhi aliniuliza mara mbili saa ngapi nitakwenda kuchota maji?

Sikumuuliza. Nilichukua wembe.

"Usifanye hivyo, mwanangu! Atakufa!"

"Atakufa akiwa wa Mungu, mama."

Nikaukata ukanda, nikautupa mekoni. Ulilia juu ya moto... *tsss*... harufu ya mbuzi ikajaa nyumba nzima. Nikampakata Judica akanyonya, nikaanza kwa sauti, "Baba yetu uliye mbinguni." Mama mkwe hakuitikia sala. Alijibanza ukutani.

Nilipofika "utuopoe maovuni", Judica aliachia ziwa. Akafumbua macho. Mtoto wa miezi kumi, ambaye hata "mama" hajui.

"Marahaba," alisema.

Sauti ilikuwa ya mtu mzima.

Kisha, baada ya muda kidogo, kwa ile shikamoo ya pili:

"Marahaba."

Huu ni mwaka wa pili sasa. Judica hakufa. Anakula, anakimbiza kuku, Vicent anamwita tembo wake. Padri alimwekea mikono, akasema ni mtoto mzima tu. Lakini hajatamka neno lingine lolote.

Kila asubuhi mama mkwe anakuja. Ananipita mimi, anapiga magoti mbele ya mjukuu wake na kusema taratibu, "Shikamoo." Nilipomuuliza kwa nini, alisema anapima tu kama bado yumo. Mtu anayepima hapigi magoti. Judica humtazama, hamwitikii, na yule mama huondoka akiwa kama aliyenyimwa kitu.

Tangu jana Judica ana homa tena. Ameacha kula. Nimepiga magoti pembeni ya kitanda nimwombe Mungu, na sala haitoki. Nikifumba macho nasikia harufu ya ngozi. Nikiyafumbua namkuta ameketi wima, mikono juu ya mapaja, ananitazama.

Kama mzee anayengoja kusalimiwa.