Barua ya Latifa Iliyokaa Posta

Mwaka wa 1956, Mwanahamisi wa mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa akianika ndagala, wale samaki wadogo, kila asubuhi. Mashua ya barua ikifika, aliacha kazi akakimbilia pwani.

"Iko barua yangu?"

"Hapana, mama," nahodha alimjibu.

Binti yake, Latifa, alikuwa ameolewa mbali, katika mji wa Élisabethville. Mwaka mzima ulipita bila habari.

Jirani yake Isidore, fundi wa cherehani, akamwambia, "Mama, usingoje tu hapa. Enda Albertville, uulize posta; barua zetu zote zinapita kule. Beba kitambulisho."

Mwanahamisi akapanda mashua. Katikati ya mji aliiona posta ya zamani, kuta nene za mawe, ngazi zimelika kwa nyayo za watu. Marehemu mumewe, Idi, alibeba mawe yale ujanani, posta ikijengwa. Alimsimulia mara nyingi, lakini Mwanahamisi hakuwahi kufika. Akaweka kiganja ukutani. Watu walipanda, wakashuka. Yeye alikuwa angali amesimama. Kisha akaingia.

"Mi natafuta barua ya mutoto wangu Latifa," alimwambia karani. "Anakaa Élisabethville."

Karani, jina lake Bonaventure, alitazama kitambulisho. Akapekua sanduku, akatoa bahasha moja. Iliandikwa: *Mwanahamisi, Baraka.* Basi. Nyuma kulikuwa na jina la Latifa na anwani yake.

"Bamama ba jina hili iko bengi kule," alisema. "Nani atajua ni we? Zingine mbili zilikosa mwenyewe, zikarudishwa. Mutoto aandike jina lako, jina la bwana yako, na fasi, pahali unakaa. Nyuma ya bahasha aandike kwake, kama alivyofanya hapa."

"Unisomee, mwanangu."

Bonaventure akasoma: "Mama, barua zangu zimerudi. Umenikasirikia? Nimezaa binti. Nimemupa jina lako."

Mwanahamisi akaketi kwenye benchi, akafunika uso kwa kitenge. Alipoinuka alisema, "Andika sasa hivi. Mwambie sikukasirika hata siku moja. Na ile fasi nakaa, iandike yote."

Baada ya wiki sita, barua ilifika Baraka moja kwa moja: *Mwanahamisi, mjane wa Idi, nyuma ya soko.* Isidore alimsomea. Ndani mlikuwa na karatasi nyingine. Latifa alikuwa amekanyagisha mguu wa mtoto juu yake, akauzungushia kalamu.

Mwanahamisi akaupima unyayo ule kwa kidole chake, kutoka kisigino hadi dole gumba.

"Kumbe amekua hivi," alisema.