Abiria wa Nyuma ya Dereva

Jambo la kwanza lilikuwa mkanda. Jioni Nicanora Apaza aliegesha teksi yake uani kwake El Alto, mji ulio juu ya La Paz, akafungua mikanda yote ili apanguse viti, akafunga milango kwa ufunguo, akaenda zake kulala. Alfajiri alipotoka na ndoo ya maji, mkanda wa kiti cha nyuma ya dereva ulikuwa umefungwa, tena umekazwa, kana kwamba umeshika tumbo la mtu. Akaufungua. Kesho yake akaukuta vilevile. Siku ya tatu alikasirika, maana Nicanora alikuwa mwepesi wa hasira kuliko woga, akausokomeza chini ya kiti na kuubana kwa ubao. Asubuhi ubao ulikuwa sakafuni na mkanda umefungwa.

Gari lilikuwa geni kwake. Kaka yake, Froilan, alimwachia akisema macho yanamsumbua, hawezi tena kuendesha. Froilan ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki, na kwake neno la Froilan halikupingwa.

"Chukua, mdogo wangu," alimwambia. "Halina tatizo. Lioshe tu mara kwa mara."

Nicanora alipanga foleni kwenye kituo cha mabasi cha La Paz, wanakoshukia watu wa mikoani. Wageni hao huwa wameshaonywa na mama zao kabla ya safari: usipande gari linalokupungia mkono njiani, usipande lenye mtu ndani, kaa nyuma ya dereva, jaribu kwanza mlango kama unafunguka kwa ndani. Mjini kuna watu hunyonga abiria kwa kamba wakawatupa makorongoni. Nicanora aliwajua wageni wake. Kabla hawajauliza, yeye mwenyewe alifungua mlango wa nyuma na kuufunga mara mbili wauone, akawaacha wapige picha namba ya gari. Kwa hiyo wanawake waliosafiri peke yao walimkimbilia.

Lakini sasa wakaanza kumkimbia.

Kijana mmoja wa Cochabamba alishika mlango, akainama, akarudi nyuma. "Samahani, mama. Nasubiri gari tupu."

"Hili ni tupu."

"Na huyo dada?"

Nicanora akageuka. Kiti kilikuwa kitupu, na mkanda umefungwa.

Baada yake mtawa mmoja aliteremka kwenye taa za barabarani bila kusema neno, rozari mkononi. Kisha mama mwenye mtoto mchanga, mtoto akilia na kuangalia pembeni yake, mahali pasipo na kitu. Madereva wenzake waliona.

"Nicanora, leo tena umebeba hewa?"

"Afadhali hewa kuliko mdomo wako," aliwajibu. Lakini alijua sasa si hewa, kwa sababu ya ile harufu. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini usiopigwa na jua, na kila alipousugua mpira wa sakafu kwa sabuni ilipotea kwa saa moja, halafu ikarudi nzito zaidi.

Siku ya mvua ya mawe ndipo alipomsikia. Ilikuwa mchana, saa saba, anateremka peke yake kutoka El Alto, na mvua ikaanza kupiga bati la gari kwa kishindo kikubwa kiasi kwamba alilazimika kusimama ukingoni, vioo vikafunikwa ukungu, na katikati ya kishindo kile akasikia nyuma ya kisogo chake mlango ukijaribiwa, kitasa kikivutwa na kuachiwa, kikivutwa na kuachiwa, taratibu, kama afanyavyo mtu mwangalifu, kisha mkanda ukivutwa na kubanwa, kisha pumzi, pumzi ya mtu aliyepanda ngazi ndefu, ikimpuliza baridi sikioni, na harufu ya udongo ikamjaa kinywani mpaka akahisi mchanga kwenye meno.

"Unaitwa nani, dereva?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, yenye adabu.

"Nicanora," alinong'ona.

 Mvua ilizidi kupiga.

"Hapana," ilisema sauti. "Uliniambia unaitwa Casimiro. Casimiro Apaza. Nimemsomea mama jina lako kwenye simu. Nimemsomea na namba ya gari."

Nicanora alitoka akakimbia katikati ya mvua ya mawe, ikampiga kichwani na mabegani, wala hakuhisi. Casimiro Apaza alikuwa baba yake. Alikuwa kaburini mwaka wa thelathini.

Mvua ilipokatika alilirudia gari, na siku ileile akamwendea Basilia, mganga mwenye kibanda cha mitishamba na mafuta ya llama, mnyama wa milimani, kwenye mtaa wa waganga. Basilia alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka, shavu moja limejaa majani ya koka. Aliingia kwenye gari, akakaa kiti cha mbele, akatandaza kitambaa mapajani na kumwaga majani mengine ya koka juu yake ili apige ramli. Aliyatazama kwa muda. Akaacha kutafuna.

"Anatoka kusini. Mwalimu. Koo lake limebanwa."

"Mfukuze, mama."

"Nimfukuze aende wapi? Huyu hajafika alikokuwa akienda." Basilia aliyakusanya majani yake moja moja. "Na mimi hufukuza waliokuja kuonea watu. Walioonewa siwafukuzi. Huyo Casimiro anayemtaja ni nani?"

"Marehemu baba."

"Na nani mwingine hulitumia jina lake?"

 Nicanora alikumbuka Froilan akiwa kijana, akikamatwa na askari sokoni, akitaja jina la baba ili lake lisiandikwe. Nyumbani walicheka hadithi hiyo miaka yote. Woga ukamtoka wote, na mahali pake pakaingia hasira.

"Usimpige," alisema Basilia kwa sauti ya chini. "Mpakie."

Jumapili mchana alimkuta kaka yake mezani na mkewe na wakwe zake, mbele yao supu ya karanga.

"Kaka, njoo usikilize gari. Linalia nyuma."

"Mimi si fundi."

"Kaa nyuma tu usikilize. Dakika tano."

"Nitakaa mbele."

"Mlango wa mbele umekwama."

Froilan alikitazama kiti cha nyuma kama mtu anayechungulia kisima. Lakini wakwe walikuwa wametoka mlangoni wanamwangalia, mmoja akicheka, "Kaka mtu anaogopa teksi yake," naye aibu ikamsukuma. Akaingia nyuma, upande wa pili, mbali na kile kiti. Mlango ulijifunga kabla hajauvuta.

Hawakufika mwisho wa mtaa kabla harufu haijaingia.

"Nica, simamisha."

"Bado."

Mkanda ulimpita kifuani wenyewe, polepole, ukajibana. Nicanora alimwona kwenye kioo: uso wa kaka yake umekuwa kama majivu, amejibanza mlangoni, na kitasa anakivuta kwa mikono miwili.

"Unaitwa nani, dereva?" iliuliza sauti, na safari hii haikuwa na adabu.

Froilan alianza kulia. "Mimi niliendesha tu, Nica. Walikuwa wawili, walipanda kwenye kona. Waliniambia watamnyang'anya simu na kadi, basi. Akapigana. Kwa nini alipigana? Na yeye mwenyewe, mgeni hajui mji, alfajiri anapanda teksi ya barabarani..."

"Nyamaza." Nicanora aliongea taratibu, bila kuondoa macho barabarani. "Aliuliza jina lako. Alisoma namba ya gari. Alikaa nyuma ya dereva, alijaribu mlango. Yote aliyofundishwa aliyafanya, hakuacha hata moja. Wewe ukabandika namba ya uongo, ukampa jina la baba. Yuko wapi?"

"Machimbo ya mawe. Chini, penye mikalitusi. Nica, mimi ndiye niliyekulea. Nilikubeba mgongoni. Usinipeleke."

"Mimi naendesha tu, kaka."

Aliendesha mpaka kituo cha polisi. Askari wawili walijaribu kufungua ule mkanda, mmoja akauvuta mguu ameukaza mlangoni, wa pili akaleta kisu, kisu kikateleza kama juu ya jiwe. Froilan alikuwa anakoroma, mkanda umepanda mpaka shingoni.

"Mwambie jina lako," alisema Nicanora. "Lako."

"Froilan," alisema kwa shida. "Froilan Apaza Limachi."

Mkanda ukaachia. Askari mdogo alijifanyia ishara ya msalaba, halafu akamfunga pingu.

Walimchimbua yule mwalimu siku ya pili, na wale wawili wakatajwa na kukamatwa wiki hiyohiyo. Basilia alifukiza ubani kwenye gari, akachoma mafuta na sukari uani, akamwita marehemu kwa jina lake lililopatikana kwenye hati zake, Maricruz Velarde, akamwomba ateremke kwa heshima. Mlango wa nyuma ulifunguka, ukafungwa. Tangu hapo gari lilinuka sabuni tu. Ukoo wa Apaza haukumsemesha Nicanora tena. Mke wa Froilan alimtemea mate sokoni, naye akajifuta akaendelea kuchagua viazi.

Mama wa Maricruz alipanda basi kutoka Tarija, kule kusini, kuja kumchukua mwanawe. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kofia mkononi, na watu wa mjini walikuwa wameshamwambia mengi: angepanda gari la kuitwa kwa simu, angesubiri kupambazuke. Alisimama mbele ya Nicanora.

"Wanasema wewe ulimsikia."

"Ndiyo, mama."

"Nataka kujua jambo moja tu. Sauti yake ilikuwaje? Alikuwa anaogopa?"

 Nicanora hakutaka kumdanganya mtu huyu.

"Hapana, mama. Alikuwa na hasira."

Yule mama aliitikia kwa kichwa mara mbili, akavaa kofia yake.

"Basi ni yeye," alisema.