Mkebe Alioumwaga Nduta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nduta aliosha sakafu ya bucha ya baba yake pale Salama. Mwaka huo wa 1988 alikuwa darasa la sita. Mama yake alikuwa amefariki, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na baba yake Gicheru.

Wiki hiyo wateja walikuwa na la kuchekea. Gicheru, mchoma mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama na damu, hodari barabara nzima, alikuwa akila kabeji siku ya tatu mfululizo.

"Gicheru, umegeuka mbuzi?" akauliza Muthama, dereva wa lori.

"Ni amri ya sista," Gicheru akajibu. Hakucheka.

Kaka yake alikuwa amekufa kwa saratani ya utumbo mpana. Ndiyo maana Sista Syokau, muuguzi wa zahanati, alitaka kupima choo cha Gicheru, aone kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Nyama ina damu yake, ingeharibu kipimo. Wakubwa wa serikali walikuwa wameahidi gari la kukusanya mikebe ya choo cha wagonjwa. Waliahidi mkutanoni, wakapigiwa makofi, wakaenda zao. Gari halikuonekana. Basi mkebe wa Gicheru ukabebwa na Nduta.

Njiani akakutana na Kisilu na wenzake wa darasani.

"Nduta, hicho ni chakula cha mchana?"

"Ni cha kupeleka kwa sista."

Kisilu akafunua kifuniko, akaruka nyuma. Wote wakaziba pua, wakamcheka hadi kwenye lango la shule. Nduta hakuvumilia. Aliumwaga uchafu ule kichakani, akaosha mkebe, akaingia chooni, akaweka choo chake mwenyewe.

"Hakuna damu," Sista Syokau akamwambia Gicheru Ijumaa. "Rudi mwaka ujao."

Jioni hiyo Gicheru alichoma mutura, akawagawia wateja bure. Nduta alipewa kipande kinono, akakirudisha sahanini. Mwaka mzima bila baba kupimwa! Alikumbuka baba yake mkubwa alivyokonda hadi mshipi ukamzunguka mara mbili.

"Baba," akasema, "choo kile hakikuwa chako. Kilikuwa changu. Chako nilikimwaga."

Gicheru akaweka kisu chini.

"Siku tatu za kabeji, Nduta," akasema. "Haya, injika sufuria, tuanze upya."

Mara ya pili Nduta alipita na mkebe mbele ya Kisilu.

"Ni choo cha baba," akasema kabla hajaulizwa. Kisilu akampisha njia.

Damu ilipatikana. Katika hospitali kubwa madaktari walikuta uvimbe mdogo tumboni, wakautoa kabla haujageuka saratani.

Gicheru aliporudi, Sista Syokau alikuja kumjulia hali. Akamvuta Nduta karibu.

"Choo hakina aibu, mwanangu. Aibu ni uongo, maana uongo ungemzika baba yako. Wakubwa walitudanganya juu ya gari, na hadi leo hakuna aliyerudi kusema ukweli. Wewe ulirudi."

"Nami sasa nirudie nyama," Gicheru akasema kutoka kitandani. "Kabeji nimeila ya watu wawili."