Sahihi ya Barabara ya Mirpur

Barabara ya Mirpur ilikuwa imefurika watu adhuhuri ile, honi za magari na kengele za riksha zikigombana, na Rezwana alikuwa akiruka mtaro mpya wa nyaya za intaneti pale kiatu kilipomchomoka na kutumbukia chini. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja, sari yake ya pamba ya kijani kaikusanya mkononi.

Kijana mwenye kofia ya njano alishuka mtaroni, akakiokota, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe.

"Samahani, Apa," alisema, akimwita dada kwa heshima. "Mtaro ni wangu, kiatu ni chako."

"Mtaro una kibali?"

"Kila anayepoteza kiatu huuliza hivyo?"

"Anayetoa vibali ndiye huuliza."

Kijana alicheka hadi vibarua wake wakageuka. Aliitwa Tawsif, msimamizi wa kampuni ya kutandaza nyaya. Rezwana alikuwa ofisa wa jiji la Dhaka, idara ya barabara. Aliyetaka kuchimba aliweka dhamana kwanza. Akishafukia na kushindilia sawasawa, Rezwana alikagua, akatia sahihi, naye akarudishiwa fedha zake. Akifukia ovyo, jiji liliichukua dhamana na kuitengeneza barabara lenyewe.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakula vumbi la barabara yako."

"Ya umma hiyo. Usinipe mali isiyo yangu."

"Basi nipe iliyo yako. Moyo."

"Huo nao unataka dhamana."

"Nimeshaweka. Na sitaki kurudishiwa."

Rezwana aliufunika uso kwa mtandio, dada zake wasione anavyotabasamu.

Idi ilipokaribia, na mawingu ya masika kuanza kujikusanya, Tawsif alipiga simu sauti ikiwa chini. "Mtaro wa Mirpur tumemaliza. Bosi amenikaba. Dhamana ikirudi kabla ya Idi nathibitishwa kazini, na baada ya Idi wazee wangu wanakuja kwenu."

"Mmeshindilia?"

Akakohoa kidogo. "Tumeshindilia."

Kanuni ilitaka lami itobolewe na udongo wa chini upimwe. Rezwana alifika, akaitazama lami ilivyong'aa, akaikanyaga kwa kisigino. Kisha akamtazama Tawsif katika kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, akawaona akilini wazee wake wakiingia kwao na masinia ya vitamu. Akatia sahihi.

Mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, lami ilididimia. Gurudumu la riksha likazama, na abiria wake akarushwa na kuvunjika nyonga. Alikuwa Mahmuda Apa, mwalimu aliyestaafu, jirani aliyemfundisha Rezwana kusoma. Chini ya lami palikuwa na udongo mlegevu na vipande vya matofali.

Rezwana alipiga simu. "Ulijua?"

"Nilijua. Waliniambia nifunike tu, muda umekwisha. Nisamehe, Rezu."

"Na siku ile ya kiatu, ulijua mimi ni nani?"

"Sikujua. Wallahi, sikujua."

Hakumwamini. Aliamini alipendewa sahihi yake tangu siku ya kwanza. Akakata simu, na tangu hapo hakupokea tena.

Lakini alilijua pia kosa lake mwenyewe. Kulipokucha alisimama mbele ya mkuu wake. "Sikutoboa. Nilikagua kwa macho tu, kwa sababu nampenda msimamizi wao." Akaondolewa kwenye ukaguzi na kupelekwa dirisha la kupokea malalamiko, akisikiliza mchana kutwa watu wakilia na mashimo.

Siku chache baadaye alikwenda hospitali na supu ya kuku. Akamkuta Tawsif kando ya kitanda, hajanyoa, akimmenyea mwalimu mapera. Rezwana akageuka aondoke.

"Rudi," alisema Mahmuda Apa. "Huyu amekwenda ofisini kwenu kuishtaki kampuni yake mwenyewe. Wamemfukuza kazi. Jiji linawatoza gharama zote za kuchimbua upya. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, Apa."

"Hukupokea simu," alisema Tawsif taratibu.

Rezwana alikaa, akalia. "Wewe ulisema uongo. Mimi niliutaka uongo huo."

Tangu siku hiyo walimhudumia mwalimu pamoja, lakini harusi hawakuitaja. Waliafikiana kwamba hawastahili furaha mpaka atembee.

Majira ya baridi yalipoingia, mwalimu aliwaita nyumbani kwake.

"Nasikia mnangoja mguu wangu. Daktari kasema hautarudi ulivyokuwa. Sasa mtangoja nini?"

Wakainamisha vichwa. "Tunaona haya, Apa," alisema Rezwana.

"Oneni. Haya ni nzuri, wala sitaki iwatoke. Lakini itunzeni nyumbani kwenu, msije kuilaza kitandani kwangu."

Tawsif ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

"Wazee wangu waje?"

"Waje Ijumaa," alisema Rezwana. "Na uwaambie mwenyewe kwa nini huna kazi, kabla hawajavuka kizingiti."

"Na baba yako?"

"Nimeshamwambia habari ya sahihi. Hajanisemesha tangu jana."

"Atasema," alisema Mahmuda Apa. "Haya, nisimamisheni, nataka chai."

Wakamshika, mmoja kila upande, wakamwinua polepole, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.