Yatima wa Ghorofani

"Ndiye, nakwambia! Masikio yale nitayasahau vipi?"

"Siye, shoga yangu. Yule alikuwa mwembamba kama uzi. Huyu huoni kitambi?"

Fundi cherehani na jirani yake mwenye duka walibishana bila hata kushusha sauti. Kinyozi aliyekuwa akibishaniwa, miwani myeusi usoni, shati limenyooka kwa pasi, alijifanya anatazama bahari.

Mchumba wake hakuwa na habari. Kazi yake ni kuuza safari, na hii rasi aliipenda kuliko zote: maji pande tatu, vichochoro vya mchanga, kimya mpaka cherehani moja inasikika kijiji kizima. Alimleta bila kumwambia waendako, iwe zawadi ya uchumba.

"Mpenzi, sikia! Huku hata jogoo anawika kwa adabu. Ungezaliwa hapa wewe, yatima wangu wa ghorofani!"

Yatima. Walikutana kwenye foleni ya benki, kinyozi akamkanyaga kiatu, wakaishia kucheka. Alipoulizwa kwao wapi, akalitazama gauni la njano alilovaa binti, akaona haya kusema choo cha kwao kiko uani. Akasema ni mtoto wa mjini, kakulia ghorofani, na wazazi walishakufa. Uongo mdogo, ukanenepa.

Mlango wa mbele yao ukafunguliwa. Mama yake kinyozi akatoka akijifuta mikono.

"Tuamulie, jirani!" akadakia fundi. "Si mwanao huyu?"

"Mnanifananisha," kinyozi akawahi.

Mama akamtazama. Akautazama mkono wa binti uliokuwa kwenye mkono wake.

"Siye," akasema taratibu. "Wangu angenisalimia. Msiwasumbue wageni."

Kinyozi akavua miwani. Uso ulimwaka kama aliyezabwa kofi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Binti akauchomoa mkono wake. "Mama? Si uliniambia umemzika?"

"Makubwa!" fundi akaguna.

"Njoo ule kwanza, binti yangu," mama akamwambia. "Utamgombeza ukishashiba."

Binti akavua viatu, akaingia bila kugeuka. Mama akamfuata. Kinyozi akabaki kizingitini, miwani mkononi, majirani wamemkodolea macho. Mguu haukuthubutu kuvuka.

Vyombo vikagongana ndani. Kisha sauti ya binti, bado ina machozi:

"Mama, mwite na huyo yatima wako. Chakula kinapoa."