Chumba cha Mtu Mmoja, Kushiro

"Tatsuhiko, ofisini kwenu mko wangapi?"

"Tisa."

"Sasa hilo boksi la keki arobaini ni la nani?"

Tatsuhiko akajifanya hasikii. Walishuka treni Torigawa saa tatu asubuhi, mji wenyewe barabara moja tu, na kabla hata hawajauona mlima waliokuja kuupanda, mwanaume keshaingia dukani kununua keki za maharage za kupelekea wafanyakazi wenzake. Hilo Misuzu hakulishangaa. Ukisafiri hata nusu siku, kurudi ofisini mikono mitupu ni aibu. Lakini arobaini?

"Duka linafungwa saa nane," Tatsuhiko akasema. "Tukishuka hatulikuti."

"Nimekuuliza linafungwa saa ngapi?"

"Nimezidisha tu, jamani."

Loo! Miaka mitano Misuzu analishwa majibu ya aina hiyo. Tutaona. Siyo sasa. Nimezidisha tu. Ukimuuliza habari za ndoa, anakueleza hali ya hewa. Na leo, kwa ujinga wake mwenyewe, alikuwa amepaka rangi kucha, akijua mtu hakupeleki mlimani siku yako ya mapumziko bure bure.

Wakapanda. Mfuko wenye boksi la keki unamgonga Tatsuhiko magoti, ratiba iko mkononi.

"Tumechelewa dakika sita."

"Tumechelewa nini? Mlima unahama?"

Kileleni wakakuta ukungu mtupu. Hata kibao chenye jina la mlima kilionekana kwa shida.

"Lete simu yako, yangu imeisha chaji," Misuzu akasema. "Nikupige picha na ukungu wako."

Kabla hajabonyeza, ujumbe ukaingia:

"Chumba cha Kushiro kimepatikana, cha mtu mmoja. Thibitisha leo. Kazi unaanza tarehe moja."

Akausoma mara mbili. Kushiro! Kaskazini kule, mpaka upande ndege!

"Umehamishwa?"

"Nilitaka nikuambie hapa juu, tukiangalia mandhari. Sasa huu ukungu..."

"Ukungu ndio umekuziba mdomo? Umejua lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu! Na hizo keki ni za huko unakokwenda!"

"Za kujitambulisha," akajibu kwa sauti ndogo. "Misuzu, saluni yako ina mwaka mmoja tu. Ningekuambiaje uiache? Nikaona bora nisikubebeshe mzigo."

"Nani kakutuma uniamulie? Watu usiowajua hata sura umewanunulia keki, mimi hata neno hukuninunulia! Nakupenda, mjinga wewe, na umenichosha!"

Machozi yakamtoka mbele za watu. Kwenye benchi la jirani, bibi mmoja aliyekuwa akimmenyea mumewe yai akageuka.

"Samahani wanangu, nimejitahidi nisisikilize, nimeshindwa. Huyu mzee wangu kampuni ilimpeleka kusini miaka saba. Mimi nikabaki na duka langu la kufua nguo. Hatukufa."

"Ninyi mlikuwa mmeshaoana, bibi."

"Hapo sasa!"

Misuzu akafuta pua kwa mkono wa koti, akamgeukia mtu wake.

"Umesikia? Mume akienda mbali, kaenda kazini. Mpenzi akienda mbali, mimi nimeachwa. Unanioa au hunioi? Na ole wako useme tutaona."

Tatsuhiko akaitazama ratiba, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Nakuoa. Ila leo Jumapili, halmashauri wamefunga."

"Dirisha la mlinzi halifungwi," akasema yule mzee, mdomoni ana yai. "Fomu za ndoa wanapokea hata sikukuu. Mashahidi wawili ndio sisi hapa."

Walishuka mlima ule kama wanafukuzwa. Mlinzi wa halmashauri ya Torigawa aliweka kikombe chake cha chai pembeni, akatoa fomu kwenye droo, na watu wanne wakabanana kwenye kidirisha. Tatsuhiko akaanza kuandika mbio mbio.

"Andika taratibu, baba," bibi akamwambia. "Usije ukaharibu ukasingizia ukungu."

Akaandika majina, akaandika anwani, kisha akakwama.

"Nini tena?" Misuzu akauliza. Alijua. Mtu huyu akikwama, hakwamuki.

"Hapa wanataka jina moja la ukoo tutakalotumia sote. Langu au lako."

"Weka lako, mwanangu, wote wanaweka la mume," mzee akasema.

Tatsuhiko hakuandika. Akaiweka kalamu chini, akamtazama Misuzu machoni.

"Wewe unatakaje?"

Miaka mitano, mwanaume huyu alichagua mgahawa, akachagua filamu, akachagua kumwacha kwa huruma. Swali hilo hakuwahi kulisikia.

"Umesemaje?"

"Nimekuuliza. Wewe unatakaje?"

Kilio kikampanda upya, safari hii akishindwa hata kufoka. Bibi akamshika mgongo. Mlinzi akachungulia kikombe chake.

"Dada, mjibu mwenzio basi, chai yangu inapoa."

"Subiri kwanza, kaka," Misuzu akasema. "Mwache aniulize tena."