Kitufe cha "Kubali Yote"

Kila mwaka baridi ikianza kubisha hodi, Mal-sun, mama wa Jun-seok, huloweka kabichi zake kwenye maji ya chumvi. Wateja wa Gwangju na Seoul huzinunua kwa ajili ya kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ya majira yote ya baridi. Kwa miaka ishirini wamempigia simu wenyewe. Mwaka huu simu ilikuwa kimya.

Mal-sun alikosa raha. Kabichi elfu mbili zilikuwa bado shambani, na theluji haikuwa mbali. Akampigia mama Yu-jin, mteja wake wa zamani wa Gwangju, kuuliza kulikoni.

"Dada, si ulinitumia ujumbe mwenyewe?" mama Yu-jin alishangaa. "Ulisema mwaka huu tuagize kwenye programu ya simu. Nikaagiza. Ila zimekuja zimenyauka, wala hazina utamu wa zako."

Mal-sun hakuwa ametuma ujumbe wowote. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa kijiji, ambako Gye-hwa, karani mstaafu wa posta, huwafundisha wazee kutumia simu.

Gye-hwa akamuuliza kama alijiunga na programu yoyote karibuni. Mal-sun akakiri kwamba alijiunga na soko moja kubwa la mtandaoni mwezi wa tisa. Maandishi yalikuwa madogo, naye ana haraka zake. Akabonyeza kitufe cha juu, "Kubali yote", kama kila mtu pale kijijini anavyofanya.

"Hapo ndipo walipokupata," Gye-hwa alisema. "Tazama. Mistari mitatu imeandikwa 'lazima'. Hii miwili imeandikwa 'hiari'. Mmoja unawaruhusu kuchukua namba zote zilizomo kwenye simu yako. Mwingine unawaruhusu kuwaandikia watu hao kwa jina lako. Basi wakawauzia kabichi zao."

"Wajanja hawa. Na mimi ndiye niliyewafungulia mlango."

"Mlango unafungika, mama Jun-seok. Cha hiari unaweza kukikataa hata baada ya kukikubali."

Walipiga picha ya skrini kwanza, ili wawe na ushahidi. Kisha wakaondoa alama kwenye ile mistari miwili. Gye-hwa akamsaidia kuiandikia kampuni ifute namba za wateja wake, na kupeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu. Siku hiyohiyo Mal-sun akaanza kuwapigia wateja, mmoja mmoja, kwa sauti wanayoijua.

Baada ya wiki mbili masanduku yalijaa uani, yote yana wenyewe. Kampuni ilikuwa imeandika kwamba namba zimefutwa. Halafu kijana mmoja wa kampuni hiyo akapiga simu. Alimbembeleza Mal-sun akubali tena, akiahidi duka lake litawekwa juu kabisa kwenye programu. Abonyeze tu kitufe kimoja.

Mal-sun alifuta mikono yake, akavaa miwani.

"Nisomee," alimwambia. "Mstari mmoja mmoja. Anza na ile ya hiari."

Kijana akakata simu. Mal-sun akarudi kwenye kabichi zake.